Tulivyolima Ngolo Juu ya Zege

Marahaba, vijana. Nimeitikia kabla hamjanisalimia kwa sababu nawajua. Mkimkuta mtu ana koleo mkononi na mvi kidevuni, shikamoo inawatoka yenyewe. Mvi hizi zisiwadanganye. Nina miaka arobaini na kitu. Waliostaafu ni magoti. Siku moja kule Tunduru, nikiwa nimepiga magoti nasawazisha sakafu ya ghala, yaliniarifu kwamba yamemaliza mkataba, na kwamba mimi nikitaka niendelee peke yangu.

Nimefanya zege Songea, Njombe, Masasi, nikafika mpaka Kigoma. Sijawahi kukaa mahali nikala mahindi niliyopanda mwenyewe. Kila nikisikia kuna kazi mbele, miguu inawasha. Lakini nikilala ugenini, ninachokiona nikifumba macho ni mlima mmoja upande wa Ukata, na juu yake kipande cha barabara chenye rangi ya kijivu iliyokoza kuliko zege lolote mnalolijua. Hicho ndicho nataka kuwasimulia.

Sababu yenyewe ni hii. Juzi nilipita kwenye jengo moja mjini Mbinga, nikawakuta wenzenu wamezunguka mfuko wa saruji wanausoma. Mmoja akasema, "Hebu oneni, siku hizi wanachanganya na majivu. Wachakachuaji hawa!" Nikacheka hadi nikashika ukuta. Wakaniuliza, "Mzee, kulikoni?" Nikawaambia majivu kwenye zege niliyabeba kichwani kabla wao hawajazaliwa.

Mimi ni mtoto wa ziwani, Mnyasa. Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa nyumbani nikisubiri ajira ambayo wakati ule ilikuwa imeanza kuondoka badala ya kuja. Ilikuwa ile miaka ya soko huria. Mashirika yanapunguza watu, mitumba inaingia, kila mwenye lori ni mfanyabiashara. Baba yangu, mvuvi na mzee wa kanisa la Anglikana, aliniambia, "Festo, dagaa huwataki, na dagaa nao hawakutaki. Panda juu ukatafute." Nikapanda Mbinga, nikaingia kwenye genge la barabara.

Msimamizi wetu alikuwa Mzee Kanisius, Mmatengo mfupi, Mkatoliki wa misa ya kila siku, mwenye sauti ya kuita mbuzi ng'ambo ya bonde. Siku yangu ya kwanza nilichanganya zege nikaona ni gumu kulivuta, nikaongeza ndoo ya maji. Likawa laini, likateleza vizuri. Nikajisifu moyoni.

Mzee Kanisius akaja, akachota kwa kiganja, akaliacha lichuruzike.

"Festo, nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa, mzee."

"Sasa huu uji unampikia nani?"

Genge zima likacheka. Akanifundisha jambo ambalo nawaachia bila malipo. Chota zege ufumbate, kisha ufungue mkono. Likibaki na alama za vidole vyako na kiganja kikabaki na unyevu tu, ni zege. Likichuruzika, ni uji. Likisambaratika, ni kokoto zilizopakwa vumbi. Mpaka leo, nikipita kwenye ujenzi wa watu, mkono unaniwasha nikafumbate zege lisilonihusu.

Sasa mlima. Vijiji vya juu kule vilikuwa na kahawa nzuri sana, ila njia yake ilikuwa adhabu. Masika matope, kiangazi vumbi jepesi kama unga. Tairi la lori linazunguka pale pale, linachimba, lori linarudi kinyumenyume na utingo anakimbia na gogo. Zamani chama cha ushirika kilijitahidi kufika hata kwa kuchelewa. Walipokuja wanunuzi binafsi, wao hawakuwa na ndoa na mtu. Lori likipanda, wananunua. Lisipopanda, wanafungua mizani kijiji kingine.

Aliyeteseka na jambo hili mbele ya macho yetu kila siku ni Mama Otilia. Alikuwa mama lishe wetu, mama wa makamo, mwenye maneno makali na maharage matamu. Nyumba yake ilikuwa juu ya mlima. Msimu uliotangulia wanunuzi walishindwa kupanda, kahawa yake ikabaki ndani. Magunia yalijaa chumba cha watoto, watoto wakalala juu yake, na mengine yakaanza kunuka ukungu. Mnunuzi mmoja alikuwa ameahidi kujaribu tena mwaka ule, mara moja tu. Kwa hiyo Mama Otilia alipotugawia ugali alikuwa akitazama zaidi barabara kuliko sahani.

"Kuleni," alikuwa akisema. "Mshibe mnijengee. Msiponijengea, mtautapika."

Injinia wetu alikuwa binti wa Tanga, Bi Mwanaidi, aliyepangiwa kazi Mbinga na kufika na masweta yote ya ukoo wao. Alinizidi miaka michache tu. Mlima ule ulihitaji zege, maana kifusi kilikuwa kinaondoka na kila mvua. Lakini saruji ilitoka mbali, barabara mbovu njia nzima, na mifuko mingine ilifika imeganda kama mawe ya kusagia. Tuliyopewa ilitosha nusu ya mlima.

"Nusu ya mlima," alisema Mzee Kanisius, "maana yake lori likwame katikati badala ya chini."

Bi Mwanaidi akasema, "Baba, kule ziwani nimeona vilima vya pumba za mpunga nje ya mashine za kukoboa. Wanazichoma ovyo, moshi watu wanakohoa. Majivu yake yakichomwa vizuri na kusagwa laini, yanashika pamoja na saruji. Tutapunguza saruji, tutaweka majivu, tutafika juu."

Wenzangu wakanigeukia mimi wa ziwani, kana kwamba pumba zote ni za baba yangu. Mmoja akasema, "Yaani Wanyasa wametumaliza. Wametuletea dagaa wa mchanga, sasa wanatuletea na takataka za mpunga tujengee."

"Na wewe kila siku unanunua dagaa wetu," nikamjibu. "Mchanga huo ndio unaokuimarisha."

Mzee Kanisius, kwa fahari ya kwao, akauliza kwa nini tusitumie maganda ya kahawa. Yalikuwa karibu, yamerundikana kwenye kiwanda cha kukoboa. Bi Mwanaidi hakubisha. Tukayachoma, tukafinyanga matofali madogo ya majaribio. Yalipokauka, uliyashika yakamong'onyoka kama kashata ya juzi. Injinia alieleza kwamba jivu la kahawa lina chumvichumvi nyingi na halina kile kinachoshikana na saruji. Mama Otilia alionja kidogo kwa ncha ya ulimi, akatema, akasema, "Haya si ya barabara. Haya ni magadi." Akajaza debe, akaenda kulainishia mboga. Kumbukeni debe hilo.

Basi pumba za ziwani zikaanza kupanda milima. Malori yaliyoshusha bidhaa kule chini yalirudi matupu, yakakubali kutubebea magunia. Tulizichoma polepole kwenye tanuru la matofali, bila kuzichochea, usiku kucha na mchana wake. Hapa tegeni masikio. Jivu jeusi halifai, lina mkaa ndani. Unataka la kijivu cheupe. Na hata hilo ukilitia kama lilivyo ni bure, lazima lisagwe. Tulimwomba mwenye mashine ya unga atusagie, akatufukuza akisema wateja wake hawataki kula barabara. Injinia akatuambia tuchukue vipande vya nondo, tuvitie ndani ya pipa la mashine ya zege pamoja na majivu, tufunike kwa turubai, tulizungushe. Kelele yake ilikuwa ya mabati mia yakigombana. Lakini ukisubiri, ukafungua, ukasugua kati ya vidole, unakuta unga laini kuliko wa muhogo. Siku hizo sote tulikuwa weupe, tunapita njiani watoto wanatukimbia.

Tukamwaga kipande cha majaribio chini kabisa ya mlima, urefu wa lori moja. Lilikuwa zege gumu kulifanyia kazi, jivu linakunywa maji kama mlevi wa Jumamosi, nami mkono ulitamani ndoo. Mzee Kanisius alisimama karibu na ndoo hiyo siku nzima kama mlinzi wa benki. Tukaliweka sawa, tukalifunika majani ya migomba, asubuhi tukaanza kulimwagilia tulivyozoea, asubuhi na jioni.

Ilikuwa kipupwe. Mnajua upepo wa milimani kwetu wakati huo, unakausha nguo na midomo pamoja. Tukamwagilia kwa muda tuliozoea kwa zege la kawaida, kisha tukaliacha.

Mama Otilia alikuja na sufuria kichwani. Akaitua, akachukua mwiko, akaugeuza, akakwangua zege kwa mpini. Likatoa unga. Akakwangua tena ukingoni, kipande kikadondoka.

Akamtazama Injinia.

"Mwanangu, hili ndilo litakalobeba lori?"

"Mama, hili ni la majaribio."

"Mnunuzi hana majaribio. Anakuja mara moja." Akabeba sufuria yake. Siku ile alitupakulia bila matusi, na hapo ndipo tulipojua mambo ni mabaya.

Tulikaa chini pale pale tukalichunguza. Kule ambako mteremko ulikuwa na kishimo na maji yakatuama, zege lilikuwa gumu, nyundo inaruka. Kwingine kote unga. Injinia akashika kichwa. "Si jivu lenye kosa. Jivu linakomaa polepole, linataka kulowa wiki nyingi. Sisi tunamwaga maji, yanateremka bondeni, upepo unamaliza." Tukajaribu magunia yaliyoloweshwa, yakakauka kabla ya chai. Tukafikiria kuweka mtu wa kumwagilia kutwa, lakini maji yalitoka mtoni chini, na mtoto wa nani angepanda na ndoo mlimani kutwa kwa wiki nyingi?

Bi Mwanaidi alikuwa amekaa juu ya jiwe, anatazama ng'ambo. Ng'ambo kulikuwa na mashamba ya ngolo, mlima mzima umejaa vishimo vilivyopangana kama sega la nyuki, na kati ya kishimo na kishimo tuta la nyasi na udongo lililooteshwa maharage. Wamatengo wamelima hivyo tangu mababu. Mvua ikinyesha, kila kishimo kinashika maji yake, hakuna udongo unaoondoka. Sisi tulikuwa tunaiona kila siku, kwa hiyo hatukuwa tunaiona.

"Hebu niambieni," akasema, "ule mlima ni mkali kuliko huu wetu. Mbona maji hayateremki?"

"Si ngolo hizo, dada Injinia," akajibiwa.

"Najua ngolo. Nauliza, tukizipanga juu ya zege?"

Kisha Mzee Kanisius akacheka, kicheko kikaenda ng'ambo kikarudi. "Binti, unataka tulime barabara?"

"Msilime, baba. Jengeni matuta tu. Nyasi na tope la mfinyanzi, juu ya zege likishaganda. Kila kishimo tukijaze maji."

Hapo likazuka tatizo ambalo hakuna chuo kinachofundisha. Kwa desturi ya Wamatengo, mwanamume anafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari ya kukatana. Kuzifukia kwa udongo ni kazi ya mwanamke. Genge letu lilikuwa la wanaume watupu. Tulianza kumwaga zege upya toka chini kwenda juu, kipande kwa kipande, na kipande cha kwanza kilipoganda chini ya majani ya migomba, wanaume wa Kimatengo wakalaza nyasi vizuri ajabu, mistari imenyooka. Kisha wakasimama, wameshika viuno.

"Endeleeni," akasema Injinia.

"Sisi sehemu yetu tumemaliza," akasema mmoja wao.

"Mzee Kanisius?"

"Mimi nina wajukuu, binti. Wapita njia wakiniona nafukia ngolo, Jumapili nitaingiaje kanisani?"

Wakanitazama mimi. Mnyasa hana desturi hiyo, wakasema, kwa hiyo haimvunjii heshima. Nikachukua tope, nikaanza. Vijana, tuta langu la kwanza lilikuwa limepinda kama samaki mkunga. La pili likapasuka, maji yakamwagika, yakabomoa la tatu. Wanawake waliokuwa wanapita na kuni wakatua mizigo yao chini ili wacheke vizuri.

"Mtazameni huyo! Kwao wanalima na nyavu!"

Mama Otilia alivumilia akashindwa. Akafunga kanga kiunoni, akaja, akanisukuma kwa nyonga. "Toka. Unatuaibisha mbele ya maharage." Akapiga tuta moja kwa viganja, likakaa kama limechongwa. Akawageukia wenye kuni. "Na ninyi mnacheka nini? Kahawa zenu zitashuka kwa kicheko?"

Wakaingia kazini. Wiki chache baadaye mlima mzima ulikuwa shamba la ngolo juu ya zege, kila kishimo kina maji, mbingu inaonekana humo vipandevipande. Tulijaza mara moja kwa siku tu, yakakaa. Mama Otilia akachomeka maharage kwenye matuta ya ukingoni, akasema udongo mtupu unamkera. Yakaota.

Sasa, wanunuzi wa siku hizo walikuwa wanagombea kahawa, kila mmoja anataka kumtangulia mwenzake. Kwa hiyo yule mnunuzi aliyeahidi hakungoja siku yake. Lori lake lilitokea mapema, linanguruma toka bondeni, dereva akiwa jamaa mnene wa Songea aliyeitwa Sandali. Alisimama chini ya mlima, akateremka, akatazama juu.

"Jamani, hii barabara mbona ina maharage?"

Injinia alikuwa ameshachukua nyundo, anapanda anagonga, anasikiliza. Akarudi uso umebadilika. "Chini pamekomaa. Juu bado. Likipanda, likashuka na mzigo, litavunja, na saruji ya kurudia hatuna."

"Mimi nikigeuza sirudi," Sandali akasema. "Bosi kasema jaribu, ukishindwa nenda kijiji cha pili. Si maneno yangu."

Tukamgeukia Mama Otilia, maana kila mtu alijua magunia yale yako wapi. Mzee Kanisius, mtu wa sauti kubwa, akasema kwa sauti ndogo, "Mama Otilia, ukisema lipite, mimi sitakulaumu. Tutatoa matuta."

Yule mama alitazama lori. Akatazama mlima, matuta aliyoyapiga kwa viganja vyake. Kisha akaenda akasimama katikati ya njia, mwiko mkononi.

"Hapa halipiti gari. Zege linakunywa."

"Mama, na kahawa?"

"Kahawa ina miguu." Akamwelekezea Sandali mwiko. "Wewe, baba, umekula?"

"Bado."

"Basi kaa. Ukimaliza kula, lori lako litakuwa limejaa."

Akapiga vigelegele vya kuitana, juu wakavipokea. Vijana, nimeona watu wengi wakifanya kazi, lakini vile sijaona tena. Kijiji kizima kilishuka kwa njia ya pembeni, magunia kichwani, mgongoni, kwenye baiskeli zinazosukumwa. Genge letu likapanda kuwasaidia. Bi Mwanaidi alijitwika debe la kahawa juu ya kilemba, akashuka nalo akiyumba, akisema kwa Kitanga chake, "Yarabi, shingo hii niliiletea masweta!" Mimi nilibeba gunia lililokuwa kitanda cha mtoto wa Mama Otilia. Mtoto mwenyewe alinifuata akinikumbusha nisilidondoshe.

Sandali alikula maharage, akaomba nyongeza, akaomba tena. Alipoinuka lori lilikuwa limejaa. Akaonja punje, akazitazama, akasema, "Kwa kahawa hii nitarudi. Nitamwambia bosi mlima umefunguliwa. Msiniaibishe."

Akarudi zege lilipokuwa limekomaa. Siku iliyotangulia tulibomoa matuta na kufagia. Yale maharage Mama Otilia aliyang'oa, akachuma majani, akayapika kwa magadi ya jivu la kahawa, lile debe nililowaambia mlikumbuke. Nadhani sisi ni mafundi pekee tuliowahi kula mboga iliyoota juu ya kazi yetu. Chini ya tope zege lilikuwa la kijivu kizito, na mishipa ya majani ya migomba imejichora juu yake. Mama Otilia akakwangua kwa mpini wa mwiko. Mpini ukatoa unga, zege halikutoa.

Basi lori likaja. Tulijipanga kandoni kama tunapokea harusi. Injinia ameshika mikono yake mwenyewe, Mzee Kanisius anasema Salamu Maria kimoyomoyo midomo ikicheza. Sandali hakusimama chini. Alipanda tu, amewasha redio, mkono mmoja nje ya dirisha, akatupita, akafika juu, akazima gari. Tukakimbia kumfuata. Alikuwa ameteremka, anajinyoosha, anatazama huku na huku.

"Habari za hapa," akasema. "Ule mlima wenu wa maharage uko mbele?"

Mama Otilia alikuwa wa mwisho kufika, anahema. Alipoelezwa alichosema dereva, alishika kiuno.

"Hukuuona?"

"Upi, mama?"

"Rudi chini," akamwambia. "Rudi chini upande tena. Na safari hii zima redio, utazame!"

Sandali akatuangalia mmoja mmoja kuona kama ni mzaha. Kisha akapanda lori, akaligeuza, akashuka mpaka chini. Na redio alizima, maana tulisikia injini peke yake ikija.